Kutua kwenye nyasi: piga hesabu kabla hujaondoka Mombasa

Lami ya uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, inatudekeza sisi marubani. Njia kuu inapita kilomita tatu, hata ukielea mbele bado unayo ya kutosha. Kwenye nyasi deni hilo unalilipa papo hapo.

Mimi nililipa masika mmoja, kwenye shamba la mkonge upande wa Kilifi. Nilikanyaga breki, magurudumu yakajifunga, ndege yangu ndogo, Cessna 172, ikateleza kama mtu mwenye ndala kwenye sakafu ya sabuni. Iliposimama, propela ilikuwa hatua nne kutoka kwenye mikonge. Mzee wa zamu akaja na mwavuli wake: "Pole kapteni. Na nyasi tumezikata jana, makusudi utue vizuri."

Nyasi fupi sana zilizolowa ndizo mbaya kuliko zote. Nilikuwa silijui hilo.

Hatua ya 1: Piga simu. Usiulize kama kiwanja ni kizuri, utaambiwa "kizuri, karibu." Uliza mvua imenyesha lini, nyasi zinafika wapi mguuni, ng'ombe wanapita saa ngapi. Kisha omba kijana wa bodaboda apite njia nzima kwa mwendo wa kawaida. Makalio yake yakiruka kitini, gurudumu lako la mbele halitapona.

Hatua ya 2: Hesabu, kwa kalamu. Kitabu cha mwongozo cha Cessna 172S, ndege ikiwa na mzigo kamili usawa wa bahari, hewa ya kawaida, upepo umetulia, kinatoa takriban mita 405 kuanzia futi 50 juu hadi kusimama. Kati ya hizo, 175 ni za kukimbia ardhini. Hizo ni za lami kavu. Nyasi kavu: ongeza asilimia 45 ya zile 175, unafika 485. Kwa nyasi fupi zilizolowa, mwongozo wa mamlaka ya anga ya Uingereza unasema zidisha ile jumla ya lami kwa 1.6. Hapo ni karibu 650. Zidisha tena kwa 1.43, akiba ya usalama, upate 930. Joto letu la pwani linaongeza kidogo juu yake. Kiwanja kina mita 800? Basi siku ya mvua usiende, hata kama mwenye shamba ameshachinja mbuzi.

Hatua ya 3: Zunguka kwanza. Tazama soksi ya upepo, mifugo, madimbwi. Msimu wa kusi upepo kwa kawaida unatoka kusini, lakini iamini soksi, siyo kalenda. Kila noti 2 (maili za baharini kwa saa) za upepo wa nyuma zinakula asilimia 10 zaidi ya njia.

Hatua ya 4: Shika mwendo. Flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zote chini, noti 61. Watu huongeza tano sita "za usalama". Ukija na 67 umebeba nguvu zaidi kwa asilimia 21, na breki za kuimaliza huna. Chagua alama, kichaka au jiwe jeupe, theluthi ya kwanza ya njia. Ukifika hapo magurudumu bado hewani, ondoka: gesi yote, flapu ziache nyuzi 20, noti 60, panda. Flapu zilizobaki zirudishe polepole.

Hatua ya 5: Ukigusa, usukani vuta nyuma na uushikilie huko. Gurudumu la mbele lichelewe kushuka, likishuka lisibebe uzito. Breki iwe laini, na mwishoni. Ndege ikidunda usiisukume pua chini kuikamata. Hivyo ndivyo mguu wa mbele unavyovunjika na propela kulima shamba. Ikidunda kwa nguvu, gesi, panda, uje tena.

Ukisimama salama, bado kuna kuondoka. Nyasi zilizolowa hukokota magurudumu wakati wa kuruka pia, kwa hiyo rudia hesabu. Siku ile hesabu ilikataa. Nililala kwa yule mzee, tukala muhogo, nikaruka kesho yake saa nne umande ulipokauka.