Acha kitu chenye saa na bei: Kwaresima ya fundi cherehani wa Moshi

Ninashona nguo barazani, jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, mwaka wa 19 huu. Kwaresima kwangu ndio msimu wa kazi. Sare za kwaya, magauni ya Pasaka, vitenge vya akina mama wa jumuiya, vyote vinakuja kwa mpigo na vyote vinatakiwa kabla ya Ijumaa Kuu. Kwa hiyo ninayoeleza hapa si ya mtu mwenye nafasi ya kwenda mafungo ya siku tatu. Yanafanyika ukiwa kazini, mguu ukiwa kwenye pedeli.

Kwa miaka mingi nilifunga vibaya. Nilikuwa naacha nyama, basi. Mwaka mmoja, nyama sijaionja tangu Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, nilimfokea binti anayejifunza kazi kwangu mpaka akalia, kisa zipu iliyokaa upande. Na ile pesa ya nyama niliyookoa nikanunulia kitenge changu cha Pasaka. Lile somo la Jumatano ya Majivu kutoka kwa nabii Yoeli, "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu", nimelisikia tangu nikiwa mtoto kule Kibosho. Nguo iliyochanika mimi naiziba kwa dakika tano na mshono hauonekani. Ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia Mungu.

Nilichokuja kujifunza ni hiki: kitu unachokiacha kiwe na saa yake na bei yake. Saa umpe Mungu, bei umpe mtu. Ukiacha kitu kisicho na saa, kama vile "nitapunguza hasira", hutajua umeanza lini wala umeshindwa lini. Ukiacha kitu chenye bei halafu pesa ikabaki mfukoni mwako, umeweka akiba tu, na akiba ni jambo jema, ila si mfungo. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 6 anataja sadaka, sala na kufunga kwa pamoja. Mimi nilikuwa nachukua kimoja, viwili naviacha kanisani.

Usisubiri kuchagua kitu cha kuacha siku yenyewe ya Majivu, ukiwa kwenye foleni ya kupakwa. Parokiani huwa tunaombwa kurudisha matawi ya mwaka uliopita ili yachomwe yawe majivu. Lile tawi nimelichomeka juu ya mlango tangu Jumapili ya Matawi, limekauka, limeshika vumbi la mwaka mzima. Siku ninayolitoa ndiyo siku ninayokaa chini na daftari langu la vipimo na kujiuliza: ni kitu gani ambacho mkono wangu unakifuata kabla sijaamua? Si kile nisichokipenda sana. Na dhambi isiingie kwenye hesabu hii. Kama unasengenya, acha moja kwa moja, usimpangie Mungu siku 40 halafu uendelee Jumatatu ya Pasaka.

Mwaka 2025 jibu langu lilikuwa chai ya saa nne. Chai ya maziwa shilingi 500, chapati 500. Kila asubuhi mama wa chai alikuwa ananiletea barazani bila kuagizwa. Ukihesabu tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, ukitoa Jumapili sita zinabaki 40, kwa sababu Jumapili ni siku ya Ufufuko, haihesabiwi. Siku 40 kwa shilingi 1,000 ni 40,000. Andika hesabu hiyo ukurasa wa kwanza. Ukiiona unaelewa kwamba hili si jambo dogo.

Kosa nililofanya ni kutomwambia mtu. Nilidhani ndivyo tulivyofundishwa, ufunge kwa siri. Jumatano sikunywa, Alhamisi nikamwambia sitaki, Ijumaa akaja mwenyewe, kitambaa cha mikono begani. "Dada, nimekukosea nini? Au chai yangu siku hizi haina ladha?" Miaka saba nakunywa kwake, halafu nakatisha bila neno. Nilisimamisha cherehani nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi ndiye niliyefungishwa." Na ni kweli, ile 1,000 ilikuwa sehemu ya unga wake wa kesho.

Kwa hiyo kabla hujaanza, tafuta ni nani mwingine atakayeubeba mfungo wako. Siri anayoisema Yesu ni ya kutojionyesha kwa watu, si ya kumwacha jirani gizani. Mwanamume anayeacha nyama halafu mkewe anapika vyungu viwili, huyo anafungisha nyumba. Tulikubaliana na mama wa chai hivi: nitaendelea kulipa kila siku, yeye atampa chai hiyo mtu anayemwona ana njaa.

Akamchagua kijana mmoja wa mkokoteni, mgeni sokoni, anayebeba viroba vya mchele na mahindi. Dakika chache baadaye kijana akaja barazani kwangu, kikombe kimejaa vilevile, chapati juu yake imefunikwa na karatasi. "Shikamoo mama. Nimeambiwa hii imetoka kwako. Asante, ila nimefunga."

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla ya Majivu. Nikamwambia, "Marahaba baba. Na mimi nimefunga." Tukabaki tunakitazama kile kikombe.

Mama wa chai ndiye aliyepata njia. Yeye hufunga biashara saa tisa, kwa hiyo akawa anapika uji wa mchele wenye pilipili manga, anautia kwenye chupa na kuuacha chini ya meza yangu ya kukatia. Jioni kijana anaegesha mkokoteni, ananawa kwenye ndoo yangu, anakaa kwenye ngazi. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Yeye anasubiri adhana ya magharibi, mimi namalizia vifungo. Adhana ikilia anasema Bismillahi, anakunywa maji kwanza, kisha anashika kikombe kwa mikono miwili. Siku ya kwanza nilidhani ni adabu. Siku ya tatu nikaona kwamba mikono ilikuwa inatetemeka kwa uzito wa viroba vya mchana kutwa. Idi ilipopita akahamia saa nne kama tulivyopanga mwanzo.

Hiyo ndiyo bei. Sasa saa.

Saa nne ikifika njaa inakuja kwa wakati wake, haihitaji kengele. Mwezi wa tatu mvua inaposhuka kutoka mlimani na upepo wa baridi ukaingia barazani, chai inakuita kwa jina. Usijaribu kuisahau njaa kwa kuongeza kazi. Mimi nainua mguu kwenye pedeli, nakaa dakika 15, zilezile nilizokuwa nazitumia kunywa. Kukaa bure hivyo ni kugumu, kwa hiyo nachukua kituo kimoja kwa siku cha Njia ya Msalaba, ile sala ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo. Vituo ni 14, ukifika mwisho unaanza tena, na Kwaresima nzima unakaribia kuvizunguka mara tatu. Mzunguko wa kwanza nilikuwa nasoma maneno ya kitabu. Mzunguko wa pili, kituo cha tano, Simoni Mkirene anashikishwa msalaba, nikainua macho nikaona mkokoteni unakwama kwenye tope mbele ya baraza na watu wawili wakiusukuma kwa nyuma. Sikusoma chochote siku ile. Nilisali kwa maneno yangu mwenyewe, pengine mara ya kwanza tangu nilipomzika mama yangu, na nilianza na yule binti wa zipu. Jioni nikamwomba radhi. Alikuwa ameshasahau, mimi sikuwa nimesahau.

Kanuni za Kanisa zinabaki palepale, hiki unachochagua ni nyongeza. Sisi Wakatoliki kuanzia miaka 18 mpaka 59 tunafunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo kamili mmoja tu na viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii ule mmoja. Kuanzia miaka 14 hatuli nyama siku hizo wala Ijumaa nyingine za Kwaresima. Ndugu zetu Walutheri, nao ni wengi hapa Kilimanjaro, wanaishika Kwaresima kwa ibada zao, na njia hii ya saa na bei haiulizi dhehebu.

Mgonjwa asifunge chakula, achague kitu kingine. Nalisema kwa uchungu, maana mama yangu alikuwa na sukari, akalazimisha kufunga, akaanguka shambani kwenye migomba. Padre alimwambia mwili si adui, akampa ruhusa ya kuchagua kingine. Akaacha redio yake ya jioni na saa ile akawa anakwenda kumsalimu bibi mmoja aliyelala kitandani. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa za kila siku, nanyi fanyeni vivyo hivyo.

Utashindwa siku moja, au utashindwa wiki nzima. Mimi wiki ya nne nilikunywa chai mara mbili, nimekesha na sare za kwaya, nikasinzia juu ya mashine. Nilichora mstari kwenye daftari, nikaendelea kesho yake. Nilichokataa ni kuongeza adhabu ya kufidia, kwa sababu najijua, ningerudi kwenye kumziba Mungu kwa mshono. Na ukienda msibani ukapewa chai, kunywa. Mwenye msiba asianze kukutafutia kitu kingine.

Pasaka ikifika usikirudie kitu chako kwa pupa. Nimeona watu wanaacha mbege, pombe yetu ya ndizi, siku 40 na kuirudisha yote kwa siku moja. Mimi nilirudi kwenye chai, naipenda na ni halali yangu, ila dakika tano za kwanza kikombe kinapoa nikiwa kimya, na mama wa chai bado ananiandikia viwili.

Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10 Februari na Pasaka tarehe 28 Machi. Nimeshaandika kwenye daftari: simu, kuanzia saa mbili usiku inalala kabatini. Saa ninayo. Bei ni bando langu la wiki, na mama wa chai ameshaniambia juu ya mjane mmoja nyuma ya soko ambaye mjukuu wake hana madaftari. Imebaki kumpigia dada yangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye huwa ananitafuta saa zilezile, nimwambie mapema asije akadhani amenikosea.