GOMA kwa mawe ya volkano: jedwali linaloonyesha jiwe lililoguswa

Ili kuandika jina la mji wa Goma kwa mawe, unahitaji tripleksi (plaiwudi) ya mita 1.5 kwa 0.9, mianzi yenye uwazi wa sentimita 6 ndani, kola (gundi) ya mbao, na mawe 18 ya volkano yenye upana wa sentimita 5. Weka mengine 10 ya akiba, maana wageni huondoka nayo mfukoni.

Hatua ya 1: Mianzi
Nunua iliyopandwa mashambani. Ya Hifadhi ya Virunga haiguswi. Ianike kivulini. Juani upande mmoja husinyaa kabla ya mwingine, na pete hupasuka. Kata pete 45 za urefu wa sentimita 4, kati ya kifundo na kifundo. Mita 3 zinatosha. Tumia msumeno wa chuma huku ukiuzungusha mwanzi, la sivyo nyuzi za chini huchanika.

Hatua ya 2: Mawe
Lava ya volkano ya Nyiragongo, kama ile iliyoingia mjini Goma Januari 2002, ina matundu yenye kingo kali. Sugua jiwe kwa jiwe, kisha osha kwa brashi. Rangi usipake.

Hatua ya 3: Kubandika
Mistari 5 ya pete 9, sentimita 15 kutoka katikati ya pete hadi katikati ya nyingine.

Hatua ya 4: Kuandika
Pete yenye jiwe ni 1, tupu ni 0. Herufi zinafuata msimbo wa ASCII, ambao hapa huandika kila herufi kwa tarakimu nane za 0 na 1:

G 01000111 0
O 01001111 1
M 01001101 0
A 01000001 0
– 00000100 1

Safu ya 9 na mstari wa 5 ni walinzi: wanafanya mawe ya kila mstari na kila safu yawe shufwa (0, 2, 4, 6).

Hatua ya 5: Kujaribu
Geuka, mgeni abadilishe pete moja. Tuseme ametia jiwe kwenye pete ya 4 ya M: mstari huo sasa una mawe 5, safu ya 4 ina 1. Witiri (idadi isiyogawanyika kwa mbili) mbili zinapokutana, ndipo alipogusa.

Akigusa pete mbili za mstari mmoja, safu mbili zitalalamika lakini mstari utanyamaza: kosa unalijua, mahali hupajui. Pembe nne za mstatili zikiguswa pamoja, hutaona chochote. Kibaya zaidi, watoto wakibeba mawe yote jedwali husema “sawa”, kwa kuwa 0 ni shufwa. Ukumbi usio na askari, panga pete za walinzi kwa witiri. Hapo mawe yatakuwa 25.