Jinsi ya Kuizuia Hasira Kabla Haijafika Mdomoni

Mkristo anayetaka kukua katika uvumilivu na kiasi na aanze kwa kusoma 1 Samweli 24 hadi 26 kwa mfululizo. Katika sura ya 24, Daudi amejificha pangoni huko Engedi, mfalme Sauli anayemwinda ili amuue anaingia humo peke yake, na Daudi anaishia kukata upindo wa vazi lake tu. Sura inayofuata, mtu huyohuyo, kwa kutukanwa na tajiri mmoja aitwaye Nabali na kunyimwa chakula, anaondoka na watu wapatao 400 wenye panga, akiapa kwamba hadi asubuhi hatabaki mwanamume hata mmoja wa nyumba ile. Jaribu kubwa lilimkuta yu macho. Dogo lilimkuta amejisahau. Nasi tunaweza kuuguza mgonjwa miezi mingi bila kunung'unika, kisha Jumapili asubuhi mtoto akamwaga chai juu ya shati lililokwisha kupigwa pasi, na kwa maneno tunayomtolea akaenda kanisani macho yamemwiva kwa kulia.

Kwa hiyo, yatambue kwanza mambo madogo yanayokuwasha. Kwa wiki moja, kila jioni kabla ya sala, andika katika daftari saa uliyokasirika, uliyekuwa naye, na kama ulikuwa na njaa au uchovu.

Ukishaijua saa yako ya hatari, iombee mapema. Zaburi 141:3 inasema, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Mlinzi huajiriwa kabla mwizi hajafika, basi kama unakasirika urudipo kazini, simama nje ya mlango, uisali sala hiyo polepole, ndipo uingie.

Hasira ikipanda licha ya hayo, kawia. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "uvumilivu" katika Wagalatia 5:22, makrothumia, lina maana ya hasira ichukuayo muda mrefu kuwaka. Ujumbe wa kuudhi ukiingia kwenye simu usiku, usiujibu. Iweke simu chumba kingine hadi asubuhi, wala usiutumie usiku huo kutunga jibu kali zaidi, kwa maana huko si kuvumilia bali ni kunoa kisu.

Hatua iliyo ngumu kuliko zote, hasa kwetu wazazi na viongozi, ni kukubali kuzuiwa. Abigaili, mke wa Nabali, alimkuta Daudi njiani, akashuka upesi katika punda wake na kumsihi. Daudi akamsikiliza, akambariki, akageuka. Katika sura ya 26 Daudi ndiye anayemzuia Abishai, mmoja wa watu wake, asimchome Sauli mkuki. Mchague basi mwenzi wako au mzee wa kanisa, mkubaliane neno moja ambalo akilitamka utanyamaza, hata kama unaona haki ni yako.

Hata hivyo, anayepigwa nyumbani asiambiwe kwamba kukaa kimya ndiko kuvumilia. Atafute msaada na mahali salama.

Ukianguka, usilale kabla ya kutengeneza, kwa kuwa Waefeso 4:26 inakataza jua kuchwa tukiwa bado na uchungu. Mwite yule mtoto, keti naye usawa wa macho, ulitaje kosa lenyewe: "Nilikutukana asubuhi, nimekukosea, naomba unisamehe." Usiongeze "lakini na wewe".