Kazi ya pamoja katika studio ya usanifu wa ndani ya nyumba: kutoka kupima hadi kukabidhi

Studio ninayoizungumzia hapa ni ya watu wanne au watano wanaosanifu ndani ya nyumba za kuishi jijini Dar es Salaam. Mwenye nyumba mara nyingi yuko mbali, tuseme Muscat, na nyumba yake huiona kupitia simu. Seremala yuko Keko. Fundi umeme huhama kutoka saiti moja hadi nyingine. Na mchoraji hufanyia kazi nyumbani kwake. Watu wote hawa wanaweza kuwa na simu nzuri na programu za bei kubwa, na bado kabati likakatwa kwa vipimo vya mchoro wa wiki iliyopita. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zinaongozwa na kanuni moja: mazungumzo yanaweza kufanyika popote, lakini uamuzi hukaa mahali pamoja tu.

Hatua ya 1: Fungueni folda ya mradi kabla ya kwenda kupima

Folda iwe kwenye akaunti ya studio, wala isiwe kwenye akaunti ya mfanyakazi mmoja, kwa sababu mfanyakazi akiondoka huondoka na ufunguo. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo inajumuisha barua pepe na picha, na mradi mmoja wenye video za saiti unaweza kuimaliza. Ni afadhali kulipia mapema.

Ndani yake wekeni folda za vipimo, michoro, vifaa na bei, picha za saiti, na mikataba. Kisha ongezeni moja inayoitwa «Ya kujengea», ambamo huingia PDF zilizoidhinishwa peke yake. Fundi hupewa kiungo cha folda hiyo tu. Toleo jipya likiingia, la zamani hutolewa na kupelekwa kwenye kumbukumbu siku hiyohiyo.

Jina la faili lieleze mradi, chumba, ukuta na toleo, kwa mfano KGB-JIKO-UKUTA-A-T04. Neno «mwisho» lipigwe marufuku katika majina ya faili, kwani kila studio inajua kinachofuata baada ya «mwisho»: «mwisho kabisa», na kisha «mwisho kabisa 2».

Hatua ya 2: Pimeni wawili, na andikeni papo hapo

Mmoja ashike kipimo cha leza, mwingine aandike kwenye ramani iliyofunguliwa kwenye tableti. Anayeandika arudie namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Kuta za tofali zilizopigwa plasta haziko wima kama zinavyoonekana, kwa hiyo upana wa mahali patakapokaa kabati upimwe karibu na sakafu, katikati na juu, na kinachoandikwa kama upana wa kufanyia kazi ni kile kidogo kuliko vyote. Pimeni pia chumba kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Namba hizo zikitofautiana, chumba hakina pembe sawasawa za nyuzi 90, na mchoraji anahitaji kulijua hilo kabla hajachora hata mstari mmoja.

Urefu wa kwenda juu ndio unaoleta ugomvi zaidi. Fundi umeme huweka soketi akipimia kutoka sakafu ghafi, fundi tailizi huja na gundi na tailizi zake, na seremala hupimia kutoka juu ya tailizi. Dawa yake ni kuchora kwenye kuta zote mstari mmoja wa kumbukumbu, mita moja juu ya sakafu itakavyokuwa baada ya kukamilika, na kila urefu kwenye michoro uelezwe kutoka mstari huo. Upigeni picha mstari huo katika kila chumba.

Picha za saiti zinazopitia WhatsApp zitumwe kama hati. Zikitumwa kama picha za kawaida, programu huzibana, na namba iliyoandikwa kwa penseli ukutani inaweza isisomeke.

Hatua ya 3: Kila faili la modeli liwe na mwenyewe

Faili moja la SketchUp, programu ya kuchora modeli ya nyumba kwa pande tatu, haliwezi kuhaririwa kwa usalama na watu wawili kwa wakati mmoja. Wakilihifadhi wote wawili, kazi ya mmoja hufutika au huzaliwa nakala mbili zinazopingana. Gaweni modeli kwa vyumba, na juu ya kila faili liandikwe jina la anayelishika kwa sasa. Anayetaka kubadilisha kitu kwenye faili la mwenzake huandika maoni, hagusi.

Vipimo vyote viwe kwa milimita. Makabati yapangwe kwa kufikiria bodi yenyewe: bodi ya kawaida ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ina milimita 1220 kwa 2440, na mlango wa urefu wa 2500 unaopendeza kwenye kompyuta haupatikani kwenye bodi hiyo bila kuungwa.

Hatua ya 4: Jedwali la vitu

Ningelazimishwa kubaki na zana moja tu, ningeacha modeli nikabaki na jedwali. Kila kitu kitakachonunuliwa au kutengenezwa hupewa namba yake na mstari wake kwenye Google Sheets, na namba hiyohiyo ndiyo inayoonekana kwenye mchoro, kwenye ankara na kwenye mazungumzo. Mstari mmoja husomeka hivi: JK-07, kabati la juu, kushoto kwa jiko, upana 800, urefu 720, kina 350, MDF ya unene wa 18, nyeupe isiyong'aa; mhusika: seremala; hali: limeidhinishwa; kisha tarehe na jina la aliyeidhinisha.

Safu ya hali iwe na orodha ya kuchagua ili kila mtu asijitungie maneno yake: pendekezo, linasubiri mteja, limeidhinishwa, limeagizwa, limefika, limefungwa. Baada ya kuidhinishwa, vipimo vifungwe, na mtu mmoja tu abaki na ruhusa ya kuvifungua. Jedwali hili huhifadhi historia ya mabadiliko, hivyo swali la nani alibadilisha 720 ikawa 700 hujibiwa bila mtu kunyosheana kidole na mwenzake.

Hatua ya 5: Mteja aulizwe jambo moja kwa wakati mmoja

Mteja akitumiwa picha kumi na mbili za majiko, atazipenda zote nusunusu. Mpelekeeni PDF yenye machaguo mawili au matatu, bei ikiwa pembeni, na swali moja. Akijibu kwa ujumbe wa sauti, na wengi hujibu hivyo, aliyeupokea auandike kwa maneno na kuurudisha kwake siku hiyohiyo: «Habari za jioni, Mama. Kwa mazungumzo yetu ya leo, JK-07 linabaki na upana wa milimita 800, na rangi ni nyeupe isiyong'aa. Tunaomba utuandikie kwamba umekubali, ili seremala aanze kukata.» Jibu likija, ndipo hali hubadilishwa kwenye jedwali.

Rangi isiidhinishwe kwenye simu kamwe. Vioo vya simu hutofautiana, na simu iliyowekewa mwanga wa usiku hugeuza nyeupe kuwa manjano. Pakeni kipande cha ukuta chenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja, kitazamwe asubuhi na tena jioni taa zikiwa zimewashwa. Mteja aliye mbali atumiwe sampuli halisi.

Hatua ya 6: Karatasi bado ina kazi yake karakana

Mchoro wa seremala uchapishwe kwenye karatasi ya A3, namba ya toleo ikiwa kubwa kwenye kona, na anayepeleka toleo jipya arudi na la zamani mkononi. Uandikwe kwa kipimo kimoja tu. Mafundi wengi hufikiri kwa inchi, na milimita 800 ni inchi 31 na nusu. Atakayeikamilisha kuwa 32 ataongeza milimita 13 hivi, zinazotosha kabati kugoma kuingia kati ya kuta mbili. Kabla ya kukata, seremala atume picha ya bodi ikiwa imechorwa na tepu ikiwa imelazwa juu yake, pamoja na namba ya kitu.

Kikao cha wiki kiendeshwe jedwali likiwa wazi mbele ya wote, na kijadili tu mistari iliyokwama.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Mteja apewe faili la nyumba: michoro kama nyumba ilivyojengwa, namba za rangi, ankara na dhamana, na picha za mabomba na nyaya zilizopigwa kabla ya plasta, tepu ikionekana. Picha hizo ndizo atakazozitafuta siku atakapotaka kutoboa ukuta ili atundike televisheni.

Baada ya hapo ondoeni ruhusa za mafundi na wauzaji, na funga kila kiungo kilichokuwa wazi kwa yeyote anayekipata. Ramani inayoonyesha chumba cha kulala na mahali kilipo kisanduku cha pesa ni siri ya mwenye nyumba, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za nyumba yake zisitumike kwenye matangazo ya studio kabla hajaridhia kwa maandishi.