Kutumia Tawi Kuu Moja na Matawi ya Muda Mfupi katika Git

Mwaka 2010 mhandisi wa programu Vincent Driessen alieleza mtindo wa kutumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Mtindo huo ulikuwa na matawi mawili ya kudumu (tawi ni mkondo wa mabadiliko unaojitegemea), pamoja na matawi ya vipengele, ya matoleo na ya marekebisho ya dharura. Mtindo huo ulienea sana, lakini mwaka 2020 yeye mwenyewe alishauri kwamba timu inayotoa programu mfululizo, kama zilivyo nyingi za tovuti, itumie utaratibu mwepesi zaidi. Utaratibu huo una sharti moja zito: tawi kuu, `main`, liwe tayari wakati wote kupelekwa kwa watumiaji.

Ukiwa kwenye tawi kuu, vuta mapya kwa `git pull`, kisha fungua tawi lako kwa `git switch -c rekebisha-kuingia`. Jina la tawi lieleze kazi, si mtu anayeifanya. Hifadhi mabadiliko kidogo kidogo, kila mara kwa ujumbe unaotaja sababu, na ulisukume tawi mapema kwa `git push -u origin rekebisha-kuingia` (`origin` ni hazina ya pamoja ya timu), hata kama kazi haijakamilika, ili wenzako waone unakoelekea.

Linalowashinda wengi ni umri wa tawi. Tawi la siku moja au mbili huunganishwa bila taabu, ilhali lililokaa wiki kadhaa hukuta faili zilezile zimeshabadilishwa na wengine, na kusuluhisha migongano huweza kuchukua muda mrefu kuliko kuandika msimbo wenyewe. Kwa hiyo leta mapya kila siku kwa `git fetch`, kisha `git merge origin/main`. Wapo wanaopendelea `git rebase`, ambayo huacha historia iliyonyooka, ila usiitumie kwenye tawi ambalo mwenzako ameshalijengea kazi yake, kwa kuwa huandika upya historia aliyokwisha kuichukua. Kazi kubwa igawanywe, na sehemu isiyo tayari iunganishwe ikiwa imezimwa kwenye mipangilio. Kwa maoni yangu, hilo ni nafuu kuliko tawi la mwezi mzima.

Majaribio yakipita na mwenzako akaridhika na mapitio, unganisha, kisha futa tawi kwa `git branch -d rekebisha-kuingia`. Ikiwa mabadiliko yalibanwa kuwa moja wakati wa kuunganisha, Git huweza kukataa, nawe utalazimika kutumia `-D`. Kosa likigundulika baadaye, usiifute historia ya tawi kuu. Tumia `git revert`, inayoongeza badiliko jipya la kutengua lile la awali, na ikiwa unatengua muunganisho wenyewe, ongeza `-m 1`, inayoiambia Git kwamba upande wa kubaki ni tawi kuu.