Maadui wa kidato cha tatu wanaoishia kupendana: namna ya kuiandika kwa mandhari ya Lamu

Watu wanauliza hizi hadithi za maadui wa skuli wanaoishia kupendana zina nini mpaka mtu anakesha nayo kwenye simu na kesho ana pepa ya hesabu. Mie naona ni hivi, adui ndo mtu anayekuangalia kuliko wote. Anayekupenda tangu mwanzo anakuona umejipanga, lakini adui anajua swali gani linakushinda, anajua ukikasirika unashikashika mtandio, anajua neno gani litakuuma. Sasa huyo huyo akikupenda huna tena cha kuficha, kashaona yote. Kwa iyo ukiandika, andika kule kuangaliana, ugomvi ni kisingizio tu.

Lakini kisingizio kiwe cha maana basi. Ile ya kugongana mlangoni vitabu vikamwagika "we huna macho?" imechakaa, na sisi Amu, yaani Lamu, ushindani tunao wa kumwaga. Mitaa yetu ya Mkomani na Langoni imeshindana tangu enzi za mababu. Au chukua mashindano ya mashua siku za Maulidi, tuseme msichana wako ni Swabra na kijana ni Athman, baba zao wote manahodha, pale kwenye boya mmoja akamkatia mwenziwe njia na mpaka leo kila nyumba ina hadithi yake, watoto wamerithi ugomvi wala hawakuwepo siku yenyewe. Msomaji akimsikiliza Swabra aseme ana haki, akimsikiliza Athman aseme eh, na huyu naye anayo. Mmoja akiwa malaika na mwingine shetani hapo umeandika kesi.

Na jamani, kijana anayemvua msichana mtandio mbele ya darasa au kusambaza picha zake, halafu mbele huko tunaambiwa ati kumbe alikuwa anampenda, huyo ni mnyanyasaji na mie kitabu nafunga. Wagombanie kitu, namba moja ya darasa, nafasi ya msemaji mkuu wa mdahalo, chochote ambacho wote wawili wanakitaka kweli.

Halafu wabane mahali pamoja. Vichochoro vyetu vinasaidia, punda akija na mizigo lazima mtu ajibane ukutani na aliyejibana na wewe humchagui. Ila mie ningewapandisha boti. Timu ya mdahalo inaenda Faza, kule kisiwa cha Pate, wamechelewa kuondoka, wanafika kwenye mkondo wa Mkanda maji yashatoka, boti imekaa mchangani, na kungoja maji si dakika kumi ni masaa. Netiweki hamna, mwalimu kalala kofia usoni, jua hilo. Athman anaanza:

"Utaungua bure kwa kiburi. Njoo kivulini."

"Kivuli ni chako. Niache niungue kwa raha zangu."

"Kwenye mdahalo ushanishinda, sasa washindana na jua?"

Swabra hakujibu. Baada ya muda Athman akasogeza gunia la mchele, akahamia kule mwisho wa boti, kivuli kikabaki kitupu. Swabra akangoja mpaka Athman aangalie pembeni ndo akaenda kukaa.

Umeona? Hakuna aliyetaja mapenzi, na ukiweka neno moja tu la mapenzi hapo umeharibu. Maneno yao yabaki makali mpaka mwisho, watu wa pwani tunapenda majibizano, mafumbo ya taarabu tumekua nayo, kwa iyo ukali usiutoe, wacha mikono na macho ndo vibadilike kwanza.

Pale pa kugeuka, wengi wanaharakisha. Usimfanye Athman aje aseme nimekosa nakupenda. Swabra na asikie kwa mtu mwingine. Shakespeare alishalijua hili zaidi ya miaka 400 iliyopita, kwenye tamthilia yake Much Ado About Nothing Beatrice na Benedick wanatupiana maneno mpaka marafiki zao wakapanga kila mmoja asikie kwa kuibia kwamba mwenziwe anampenda. Jane Austen naye mwaka 1813, kwenye riwaya yake Pride and Prejudice, akafanya Darcy asaidie familia ya Elizabeth kimyakimya, Elizabeth akaja kujua kupitia kwa watu wengine. Sasa Lamu kusikia kwa wengine ni kazi? Baraza zipo. Mtu amseme vibaya Swabra barazani, Athman amkatize mbele ya wazee, na kabla ya magharibi habari ishafika jikoni kwa kina Swabra, ishaongezwa chumvi, mamake kanuna, Swabra mwenyewe anakuna nazi anajifanya hasikii.

Huo mji mdogo wenyewe ndo unakusaidia. Hawa hawawezi kushikana mikono pale Promenade, ile njia ya ufukweni, kila anayepita ni ami au rafiki wa shangazi, kwa iyo kuazimana daftari inakuwa jambo kubwa, daftari lenyewe lirudi na jibu limesahihishwa kwa penseli pembeni. Ukurasa mzima unaweza kuishi kwenye hiyo penseli.

Aliyekosea alipe kwa kitendo na kimgharimu. Kama Athman alimharibia mdahalo, na aseme ukweli kwa mwalimu, anyang'anywe nafasi ya msemaji mkuu.

Na usiwaoze, nakuomba. Bado watoto wa skuli, KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, iko mbele, kupendana kwao kunaweza kuishia kwenye kusoma pamoja na kuendelea kubishana jibu la swali la tano. Chapta ziwe fupi maana watu wanasoma kwa bando la siku, ukate pale mtu anapotaka kujibu, na kabla hujaweka hewani msomee mtu kwa sauti, akikukatiza kutetea upande mmoja, muulize na wa pili anauonaje, akisema hana hamu nao rudi kwenye boya ukaandike upya.