Websaiti mpya inacheza cheza kila kona? Hii ndo namna ya kuituliza

Wakuu, mbukwenyi. Ngoja nianze kwa kujianika mwenyewe ndo muelewe kwa nini naandika hii.

Kuna gesti moja hapa Dodoma, sitaji jina, niliwatengenezea websaiti mpya. Ya zamani ilikuwa ukurasa mmoja tu, picha ya geti, bei za vyumba, namba ya simu, basi. Bosi akasema imechakaa, anataka kitu kilichochangamka. Nikampa mchangamko haswa, picha zinaelea, maneno yanaingia moja moja kutoka pembeni, menyu inajikunjua kama mwavuli, na bei za vyumba nikaziwekea zile namba zinazopanda zenyewe kuanzia 0 kama mita ya pampu ya mafuta. Kwenye laptopu yangu ilikuwa tamu mno, bosi akaita mpaka watu wa jikoni waje waone.

Wiki ya pili kuna mama katokea Kibaigwa, kashuka stendi ya Nanenane usiku, kafika mapokezi anataka chumba cha 12,480. Dada wa mapokezi anamwambia mama shikamoo, bei hiyo hatuna, ni 35,000. Mama katoa simu, Itel ndogo kioo kimepasuka kona, kamwonyesha skrinishoti, na kweli imeandikwa 12,480. Alikuwa kaipiga njiani kwenye basi ili asiendelee kula bando, na simu yake ilivyo nzito zile namba zilikuwa bado zinapanda. Sasa utamwambia nini? Akalala kwa bei ya skrinishoti, tofauti ikatoka mfukoni kwangu.

Kwa hiyo kama na wewe umerembesha websaiti ya mtu na simu za malalamiko zimeanza, hatua ya kwanza usiguse chochote kwanza, tafuta simu mbovu. Namaanisha mbovu kweli, ya bei rahisi, memori imejaa picha za harusi, bando la kawaida sio wifi ya ofisini. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo websaiti, muuza chipsi, binamu, yeyote, umwambie sentensi moja tu: nitafutie bei ya chumba cha watu wawili halafu uwapigie. Halafu nyamaza. Hapa ndo wengi tunafeli, tunaanza "subiri kidogo, inakuja hiyo". Angalia dole gumba lake. Kama linabonyeza mahali ambapo batani haijafika bado, andika. Kama anashuka haraka, anapita bei bila kuiona kwa sababu maandishi yalikuwa hayajajitokeza, kisha anarudi juu, andika. Kama dole limesimama hewani linasubiri, andika na hesabu sekunde. Mimi nilifanya na kijana wa bodaboda pale Jamatini, akashuka mpaka chini kabisa akaniambia "kaka hii mbona tupu?"

Na kweli ilikuwa tupu. Huu ndo ugonjwa mkubwa kuliko yote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Zile animesheni za kitu kujitokeza ukiskroli zinafanya kazi hivi, maandishi yanafichwa kwanza kwa opacity: 0, yaani yanakuwa hayaonekani kabisa, halafu JavaScript (kodi inayoendesha vitu kwenye ukurasa) inakuja kuyafichua ukifika pale. Sasa JavaScript isipofika, au ikachelewa kwa sababu mtandao unasuasua, au ikagonga kosa dogo tu mahali pengine, maandishi yanabaki yamefichwa. Yapo, umeyalipia bando, ila huyaoni. Dawa yake ni kugeuza mpangilio: maandishi yaonekane yenyewe tangu mwanzo, halafu hiyo JavaScript ikishafika salama ndo iongeze klasi, yaani lebo inayowasha animesheni. Ikikwama njiani mtu anasoma kama kawaida. Na bei, namba ya simu, ramani, saa za kufungua, hivyo visianimetiwe kabisa, hata kidogo, hata bosi akilia.

Huna simu mbovu karibu? Fungua Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya Performance, punguza nguvu ya CPU (ubongo wa kompyuta) mara 4 au mara 6 na mtandao weka wa taratibu. Inasaidia, ila haifikii Itel ya yule mama.

Baada ya hapo pitia animesheni moja moja uiulize inamwambia nini mtu. Batani inayobonyea kidogo ukiigusa inamwambia nimekusikia, iache. Kiduara kinachozunguka wakati malipo yanapita, kiache, bila hicho mtu atabonyeza mara mbili alipe mara mbili. Menyu kuteleza kutoka upande inaonyesha imetokea wapi, sawa, ila iwe ndani ya milisekunde 200 hadi 300. Yangu ilikuwa sekunde 1 na nusu, siku ya kwanza unaipenda, siku ya nne unaitukana. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia websaiti, alishaandika miaka ya 90 kwamba ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anaona kitu kimetokea papo hapo, na ikizidi sekunde 1 mawazo yanaanza kukatika. Simu zimebadilika ila kichwa cha binadamu ni kile kile.

Slaidi zinazojibadilisha juu ya ukurasa, toa. Hakuna anayesubiri slaidi ya tatu. Ile ya kuteka skroli, kwamba dole linashuka kidogo ukurasa unaruka wenyewe skrini nzima, hiyo toa leo leo, skroli ni mali ya mwenye dole.

Zile utakazobakiza ziandike vizuri. Animetia transform (kusogeza, kuzungusha, kukuza) na opacity tu. Ukianimetia top, left, width au height, yaani mahali kitu kilipo na ukubwa wake, brauza inalazimika kupima upya ukurasa kila fremu (kila picha moja ya mwendo), na ili kitu kiteleze laini kwa fremu 60 kwa sekunde kila fremu ina kama milisekunde 16 tu, simu ya bei rahisi hapo inatokwa jasho. Na picha zote zipe vipimo vyake kwenye HTML (kodi ya maudhui ya ukurasa), la sivyo mtu anaenda kubonyeza "Piga simu" picha inafika inasukuma kila kitu chini anajikuta kabonyeza tangazo.

Kingine ambacho mimi nilikuwa sikijui kabisa, kuna watu mambo yanayoelea kwenye skrini yanawapa kizunguzungu na kichefuchefu kweli kweli. iOS 7 ilipotoka 2013 na michezo yake ya kuvuta na kusukuma skrini watu walilalamika kuumwa, Apple wakaiboresha sehemu ya kuipunguza. Android nayo unaweza kuzima uhuishaji kwenye mipangilio ya ufikivu. Websaiti yako inaweza kuisikia hiyo mipangilio, unaandika hivi kwenye CSS (kodi ya muonekano wa ukurasa):

@media (prefers-reduced-motion: reduce) { * { animation: none !important; transition: none !important; } }

Ila angalia mtego, kama kitu kilianza na opacity: 0 kikisubiri animesheni ikifichue, hapa umeua animesheni kwa hiyo hakitatokea milele, rudi kwenye ile dawa ya juu. Kanuni za WCAG (miongozo ya kimataifa ya kufanya websaiti itumike na kila mtu, hata wenye ulemavu) nazo zinasema kitu kinachojichezea chenyewe zaidi ya sekunde 5 sambamba na maandishi kiwe na njia ya kusimamishwa, na kisiwake na kuzima zaidi ya mara 3 kwa sekunde, hiyo ni kwa ajili ya wenye kifafa, usifanye masihara nayo.

Sasa bosi. CSS ni rahisi, bosi ndo kazi. Usimwandikie meseji ndefu, mpelekee ile simu mbovu mkononi umwambie bosi naomba nitafutie namba yako ya mapokezi. Wangu alihangaika mpaka akakasirika, akanirudishia simu bila kusema neno, jioni akatuma voisi: toa yote.

Sikutoa yote. Nilimwachia kishada cha zabibu kwenye nembo, kinatikisika mara moja ukifungua kisha kinatulia. Bei ipo pale imekaa, 35,000, tangu ukurasa unafunguka. Yule mama alirudi mwezi uliofuata, akampigia dada wa mapokezi kwanza kuuliza kama ni ile ile.